Betri ya Ah 200 yenye uzito wa kilo 34: kisa cha kurudisha mzigo ulionunuliwa mtandaoni

Kinyozi mwenye duka mjini Arua aliagiza betri ya sola kwenye tovuti ya muuzaji wa Kampala. Tangazo lilisema ni betri ya jeli, volti 12, Ah 200 (Ah ni ampia-saa, kipimo cha uwezo wa betri), waranti ya mwaka 1. Bei ilikuwa shilingi 1,150,000 na usafirishaji 60,000, jumla 1,210,000, na alilipa zote kwa mobile money kabla mzigo haujapakiwa. Betri ilifika Jumatano asubuhi kwa basi la usiku. Kufikia Jumamosi ilikuwa inazima kabla ya saa mbili usiku, wateja wakiwa bado kwenye benchi. Mnunuzi na muuzaji hapa ni wa mfano, na bei zao pia, lakini sheria, vipimo na ujanja utakaousoma ndivyo vinavyowakuta watu Uganda kila mara.

Kisa hiki kinastahili kuchambuliwa kwa sababu mnunuzi alikuwa na haki tangu siku ya kwanza, na bado alikaribia kuipoteza kwa sababu ya ujumbe aliouandika.

Jumamosi, siku ya tatu tangu apokee mzigo, alimwandikia muuzaji kwenye WhatsApp: "Habari bosi, naona hii betri kama haikai na chaji, sijui shida ni nini." Jibu lilikuja haraka na kwa upole: "Pole sana bosi wangu, betri mpya huamka polepole, ivumilie kidogo." Siku ya sita akaombwa video. Siku ya nane akaahidiwa kwamba kuna fundi anakuja Arua wiki ijayo. Siku ya 11 hakujibiwa kabisa.

Usome tena ule ujumbe wa kwanza. Hakuna mahali aliposema anavunja ununuzi, wala hakusema bidhaa si ile iliyotangazwa, wala hakudai fedha. Kisheria hapo aliuliza swali tu. Muuzaji mzoefu hulijibu swali kwa subira na huruma, siku zikienda.

Sheria inampa mnunuzi njia tatu

Watu wengi husema "nina haki ya kurudisha" kana kwamba haki hiyo ni moja. Kwa aliyenunua mtandaoni nchini Uganda kuna njia tatu tofauti, kila moja na saa yake na gharama yake. Ukiingia kwenye moja kwa maneno ya nyingine, unamrahisishia muuzaji kazi.

Njia ya kwanza ni kughairi bila kutoa sababu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2011 inamruhusu mtumiaji kuvunja ununuzi wa mtandaoni baada ya kupokea bidhaa, hata kama haina kasoro yoyote. Anachoweza kutozwa ni gharama halisi ya kuirudisha. Kipindi chake ni kifupi sana, kinahesabiwa kwa siku, na vipo vitu visivyoingia humo: vyakula na vinywaji vya matumizi ya kila siku, vitu vilivyotengenezwa kwa vipimo vyako mwenyewe, kanda na programu za kompyuta ulizokwisha kuzifungua, magazeti, vitu vya mnada. Betri haimo kwenye orodha hiyo, kwa hiyo njia ilikuwa wazi kwake. Lakini fundi wa "wiki ijayo" alipoahidiwa, muda ulikuwa umeshapita. Ndiyo maana ahadi za namna hiyo huja mapema na kwa maneno matamu.

Njia ya pili watu wengi hawaijui, nayo ndiyo iliyomwokoa kinyozi. Sheria hiyohiyo inamtaka anayeuza kwa njia ya kielektroniki aweke wazi mambo kadhaa mahali anapotangazia bidhaa: jina lake kamili na hadhi yake kisheria, anwani ya mahali alipo na namba ya simu, namba ya usajili na majina ya wakurugenzi kama ni kampuni, mahali anapoweza kupelekewa hati za kisheria, bei kamili pamoja na usafiri na kodi, muda wa kufikisha mzigo, na utaratibu wake wa kurudisha bidhaa, kubadilisha na kurejesha fedha. Mnunuzi naye apewe nafasi ya kupitia oda yake, kusahihisha makosa au kujitoa kabla hajaithibitisha. Muuzaji asipoyatimiza haya, mnunuzi anaweza kuvunja ununuzi ndani ya siku 14 tangu apokee bidhaa.

Sasa tazama tovuti ya muuzaji huyu. Ilikuwa na namba ya WhatsApp, picha za bidhaa na maneno "tupo Kampala". Hapakuwa na mtaa wala jengo, hapakuwa na namba ya usajili, na badala ya utaratibu wa kurudisha bidhaa palikuwa na sentensi moja: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Kinyozi hakuhitaji kuthibitisha chochote kuhusu betri ili aitumie njia hii. Alihitaji picha za skrini za tovuti hiyo zenye tarehe, na alihitaji kuzipiga kabla muuzaji hajashtuka na kuirekebisha.

Njia ya tatu iko kwenye Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya 2017. Hii haijali kama ulinunua mtandaoni au dukani. Kitu kilichouzwa kwa maelezo lazima kilingane na maelezo hayo, na kinachouzwa na mfanyabiashara lazima kiwe na ubora unaokubalika na kifae kwa kazi uliyomweleza. Muda wake ni mrefu zaidi, lakini una mtego. Ukikaa na bidhaa kupita muda wa kadiri bila kuikataa, unahesabiwa kuwa umeikubali. Baada ya hapo unaweza kudai fidia, ila kuirudisha kunakuwa kugumu. Uzuri wake ni kwamba kosa ni la muuzaji, kwa hiyo unaweza kumdai na nauli ya kurudisha mzigo.

Nashauri uzitaje njia zote zinazokuhusu katika barua moja. Hakuna sheria inayokulazimisha kuchagua moja siku ya kwanza, na hujui ni ipi itakayobishiwa.

Tahadhari ndogo kuhusu namba za vifungu: toleo jipya la Sheria za Uganda lilianza kutumika tarehe 1 Julai 2024, na sheria nyingi zilipewa namba upya. Barua zinazozunguka WhatsApp bado zinanukuu vifungu vya zamani. Taja jina la sheria na jambo linalosemwa. Namba iliyokosewa humpa mwenzako nafasi ya kubishana juu ya namba na kuliacha deni.

Kuthibitisha kwamba Ah 200 si Ah 200

Betri ya jeli au AGM (aina nyingine ya betri ya risasi iliyofungwa) ya volti 12 na Ah 200 ya kweli huwa na uzito wa kati ya kilo 55 na 65, kwa sababu uwezo wake unatokana na madini ya risasi yaliyomo ndani. Ya Ah 100 ni kilo 28 hadi 33 hivi. Kinyozi aliipeleka betri yake kwenye mizani ya duka la nafaka, na mizani ikasoma kilo 34. Lebo mtu yeyote anaweza kuichapa, lakini risasi isiyokuwemo haiwezi kuongeza uzito. Alipiga picha moja inayoonyesha betri, lebo, namba ya mfululizo na uso wa mizani kwa pamoja. Gharama yake ilikuwa nauli ya boda, na katika kisa chote hiki huo ndio ushahidi wenye nguvu kuliko wowote.

Kipimo cha pili ni cha kuimaliza chaji, na hapa pana hatari. Uwezo wa betri za namna hii hutajwa kwa mzigo wa saa 20: betri ya Ah 200 itoe ampia 10 kwa saa 20 kabla volti hazijashuka hadi 10.8. Fundi huijaza kabisa, huiacha ipumzike saa kadhaa hadi isome volti 12.7 hadi 12.9, kisha huifunga balbu za volti 12 zenye jumla ya wati 120, ambazo huvuta karibu ampia 10. Ya kinyozi ilifika 10.8 baada ya saa 9 hivi, yaani kama Ah 90.

Kipimo hiki kifanywe mara moja tu, na betri ijazwe mara kinapokwisha. Betri za risasi huumia zikiachwa tupu, na muuzaji atasema mnunuzi ndiye aliyeiua. Fundi aandike karatasi yenye tarehe, namba ya mfululizo, volti za mwanzo na za mwisho, mzigo na muda, kisha aitie sahihi na namba yake ya simu. Shahidi akiwepo ni vizuri zaidi, na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, anatosha.

Lazima pia usikilize utetezi wa haki wa muuzaji, kwa sababu malalamiko mengine ya betri hayana msingi. Betri ya Ah 200 inataka chaji ya ampia 20 hivi. Mtu mwenye paneli moja ya wati 100 anaipa ampia 5 au 6, kwa hiyo haijai kamwe, na lawama haimwangukii aliyeiuza. Pia kidhibiti chaji kilichowekwa kwa betri ya maji kinaweza kuisukuma betri ya jeli kupita volti 14.1 au 14.2 inazotaka na kuiharibu. Kinyozi alikuwa na paneli mbili za wati 200 na kidhibiti kilichowekwa kwa jeli, na alipiga picha ya vyote viwili. Bila picha hizo, siku ya mabishano angeulizwa maswali asiyoweza kuyajibu.

Barua ya siku ya 13

Siku ya 12 alipima. Siku ya 13, siku moja kabla ya mwisho, alituma barua kwa barua pepe na WhatsApp kwa pamoja:

"Mnamo tarehe hiyo nililipa shilingi 1,210,000 kwa oda namba hiyo ya betri ya jeli, volti 12, Ah 200. Niliipokea Arua siku 13 zilizopita. Kwa barua hii navunja ununuzi huu. Kwanza, tovuti yenu haikuonyesha anwani yenu, usajili wenu wala utaratibu wa kurudisha bidhaa, kama inavyotakiwa na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2011, nami navunja ndani ya siku 14. Pili, bidhaa hailingani na maelezo: ina uzito wa kilo 34 na imepimwa kuwa na Ah 90 hivi. Naikataa chini ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya 2017. Nitairudisha mara mtakaponiandikia jina la mpokeaji na mahali. Nadai shilingi 1,210,000 pamoja na nauli ya kurudisha. Tangu leo betri haitumiki."

Sentensi ya mwisho si pambo. Anayesema ameikataa bidhaa huku akiendelea kunyolea kwa umeme wake anajipinga mwenyewe. Betri iondolewe kwenye mfumo siku hiyohiyo na ipigwe picha ikiwa imekaa pembeni.

Kama unaona shauri linaweza kufika mahakamani, andika barua yako kwa Kiingereza, ambacho ndicho lugha ya mahakama za Uganda, na mazungumzo ya Kiswahili yaandaliwe na tafsiri yake. Mazungumzo yenyewe yanakubalika kama ushahidi, kwani Sheria ya Miamala ya Kielektroniki hairuhusu yakataliwe kwa sababu tu ni ya kielektroniki. Usiishie kwenye picha za skrini. Yahamishe mazungumzo yote kwenye faili na uitunze simu iliyoyapokea, kwa sababu uzito wa ushahidi huo unategemea kama unaweza kuonyesha haukuguswa.

Majibu ya muuzaji na namna ya kuyapokea

Jibu la kwanza lilikuwa lile la tovuti: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Sharti la mkataba linalomnyima mtumiaji haki alizopewa na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ni batili, na mhuri kwenye risiti hauwezi kubadilisha hilo.

Jibu la pili: tumia waranti, tutaitengeneza. Hili huwanasa wengi kwa sababu linasikika kama msaada. Waranti ni ahadi ya ziada juu ya haki zako, haizifuti. Na betri ya Ah 100 hakuna anayeweza kuitengeneza iwe ya Ah 200.

Jibu la tatu: tutakupa salio la dukani, uchague kitu kingine. Aliyevunja ununuzi anadai fedha. Salio likubali tu kama kweli unataka bidhaa yao nyingine, na baada ya kisa kama hiki sioni kwa nini mtu aitake.

Jibu la nne lilikuwa la hesabu: tutarudisha, ila tunakata asilimia 15 ya kushughulikia mzigo, yaani shilingi 172,500. Kinyozi alijibu kwa sentensi mbili, kwamba kinachoweza kukatwa kwa anayeghairi ni gharama halisi ya kurudisha bidhaa, na kwamba kwa bidhaa isiyolingana na maelezo hata hiyo ni ya muuzaji. Hawakuitaja tena asilimia hiyo.

Yapo malalamiko ambayo hayakupelekwa popote, na ilikuwa sawa. Kampuni ya mobile money inaweza kusaidia fedha zikitumwa kwa namba isiyo sahihi nazo hazijatolewa, lakini haiamui ugomvi wa bidhaa. Polisi wanahusika pale ambapo muuzaji hayupo kabisa au ametoweka na fedha, wala si kazi yao kukusanya madeni. UNBS, shirika la viwango lenye makao yake Bweyogerere, inafaa kuarifiwa kuhusu lebo ya uongo, na kwa faida ya wanunuzi wengine ni vizuri kufanya hivyo, ila haitakurudishia shilingi.

Kitu kimoja kinachochelewesha marejesho si ubishi wa mtu. Muuzaji aliyetoa risiti ya EFRIS, mfumo wa risiti za kodi wa URA (mamlaka ya mapato), akirudisha fedha hana budi kutoa hati ya kupunguza mauzo kwenye mfumo huo, la sivyo anabaki na kodi ya mauzo yasiyokuwepo. Siku kadhaa za kusubiri hapo zinaeleweka. Mwombe akuonyeshe kwamba ombi limeingizwa. Na kama hakukupa risiti ya EFRIS tangu mwanzo, idai kwa maandishi.

Kupakia mzigo

Kinyozi hakupakia betri hadi alipoandikiwa jina la mpokeaji, mtaa na jengo. Anayepakia kwanza na kuuliza baadaye huambiwa mzigo haukufika. Nguzo za betri zilifungwa mpira na utepe zisigusane na chuma njiani, betri ikawekwa wima ndani ya kreti, na alama ndogo ikachorwa kwa msumari chini ya kitako na kupigwa picha, ili asije akaambiwa amerudisha betri nyingine. Risiti ya vifurushi ya basi iliandikwa uzito, kilo 34, na namba ya mfululizo. Nauli ilikuwa shilingi 55,000.

Alipopokea betri mara ya kwanza alitia sahihi kwenye daftari la basi chini ya maneno "imepokelewa ikiwa nzuri", na muuzaji alijaribu kuyatumia. Sahihi hiyo inamhusu mwenye basi na hali ya nje ya kifurushi. Sheria inampa mnunuzi nafasi ya kadiri ya kuikagua bidhaa. Hata hivyo ni rahisi kuandika kando ya sahihi "haijafunguliwa wala kupimwa", na kila apokeaye mzigo stendi afanye hivyo.

Madai madogo, kama fedha hazikuja

Siku tano baada ya mzigo kufika Kampala, muuzaji alinyamaza. Hatua iliyobaki ni utaratibu wa madai madogo chini ya kanuni za 2011, kwa madai yasiyozidi shilingi 10,000,000, mbele ya hakimu, bila wakili. Huanza kwa hati ya madai inayompa mdaiwa siku 14 za kulipa, na asipolipa ndipo shauri linafunguliwa. Kinyozi ana hoja ya kufungulia Arua, kwa sababu bidhaa isiyolingana na maelezo ilikabidhiwa huko, na kwake tofauti ni kilomita karibu 480 za safari kwa kila tarehe ya kesi.

Hapa ndipo anwani iliyokosekana kwenye tovuti inapouma: hati haipelekwi kwa namba ya WhatsApp. Anwani ya mpokeaji wa mzigo, aliyoidai kabla ya kupakia, ndiyo iliyotumika. Jina la biashara alilitafuta kwenye kumbukumbu za URSB, ofisi ya usajili wa biashara, akapata jina lililosajiliwa, ambalo halikuwa lile la tovuti. Kudai kwa jina la tovuti pekee kungeweza kumpa hukumu isiyo na wa kuilipa.

Hati ya madai ilitosha. Siku ya tisa muuzaji alituma shilingi 1,000,000, na baada ya siku nne 210,000 zilizobaki, kwenye namba ileile ya mobile money. Nauli ya 55,000 alikataa, akaomba kinyozi aandike kwamba hana dai lolote tena.

Kwa maoni yangu alifanya vizuri kuiacha nauli. Shauri la shilingi 55,000 lingemla siku za kazi zenye thamani kubwa kuliko hiyo. Ila hakuliandika tamko lile hadi 210,000 zilipoonekana kwenye simu yake. Mtu anayelipwa kwa awamu asitie sahihi ya kumaliza deni kwenye awamu ya kwanza, hata akiambiwa kwamba ni utaratibu wa ofisi tu. Kuzitoa fedha kulimgharimu pia kodi ya asilimia 0.5, yaani shilingi 6,050 kwa jumla, pamoja na ada ya wakala. Anayeweza kurejeshewa kwenye akaunti ya benki aliombe hilo ndani ya barua ya kwanza.